Mashine ya sesiamu inaondoka katikati ya utafiti wangu, nifanyeje?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania, nasoma PhD huku Marekani mwaka wa pili. Napiga mionzi seli za kansa ya matiti zikiwa na dawa fulani na zikiwa hazina, nione dawa inaziongezea kufa au vipi. Mionzi tunapigia kwenye kitengo cha pamoja, maabara zote za chuo zinaenda pale. Sasa limekuja tangazo kwamba mashine ya sesiamu, ile ambayo mionzi yake inatoka kwenye metali ya sesiamu, inaondolewa baada ya miezi minne, inaletwa ya eksirei. Nusu ya data yangu imetoka kwenye sesiamu. Supavaiza anasema Gy 4 ni Gy 4, yani dozi ya grei 4 ni ileile kwenye mashine yoyote, we endelea tu. Mwenzangu wa maabara anasema nianze upya. Nani yuko sahihi? Na nikirudi nyumbani mashine kama hii nitaipata wapi? La mwisho, mama kila wiki ananiuliza kama hii kazi haitanizuia kuzaa, sijui nimjibu nini.

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hekaheka. Mimi niko kwenye kitengo kama hicho chenu mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi yangu sio kansa wala seli, kazi yangu ni kujua kama mashine ikisema imetoa Gy 4 kweli imetoa 4. Swali lako siku hizi naulizwa karibu kila mwezi maana hizi za sesiamu zinaondolewa Marekani nzima. Jibu fupi ni kwamba supavaiza wako hayuko sahihi na mwenzako naye hayuko sahihi. Usianze upya, ila pia usiendelee tu kama hakuna kilichotokea. Kuna kazi ya kama wiki tatu unatakiwa uifanye sasa hivi ile ya zamani ikiwa bado ipo, ikishabebwa ndo imebebwa, hakuna mtu atakurudishia.

Ila tumjibu mama kwanza.

Mwambie hiyo mashine ni kasha zito la chuma na risasi, na ile sesiamu imefungwa ndani haitoki, seli ndo zinapelekwa mbele yake. Ukifungua mlango kuweka flaski zako kuna ukuta wa risasi kati yako na chanzo, na mlango usipofunga sawasawa mashine haifanyi kazi. Hiyo mpya ya eksirei ndo kabisa, ni umeme, ukizima hakuna mionzi, basi. Na seli zikitoka mle hazina mionzi ndani yake, kama vile mtu akipigwa picha ya kifua hospitali harudi nyumbani akiwa anaambukiza mionzi wenzake, gama na eksirei za nguvu hii hazina uwezo wa kukigeuza kitu kianze kutoa mionzi chenyewe. Beji yako ya kupimia mionzi wakiisoma mwisho wa kipindi utakuta sifuri au karibu na sifuri, mimi ambaye nashinda mle yangu ndivyo ilivyo. Ili mama apate picha: binadamu yeyote anapata wastani wa kama milisiveti 2.4 (kizio cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga, hata kama hajawahi kuiona maabara. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi huko uliko ni milisiveti 50 kwa mwaka, na mwanamke aliyetangaza ujauzito kwa maandishi anawekewa kikomo cha milisiveti 5 kwa ujauzito wote. Kutangaza ni hiari yako, hakuna wa kukulazimisha, ila siku ikifika nakushauri utangaze tu, utapewa beji ya pili na kazi zinaendelea. Kwa kifupi atapata wajukuu, atulie.

Sasa kwa nini wanaiondoa, maana ukilielewa hili hutaikasirikia ofisi ya usalama. Sesiamu-137 iliyomo kwenye mashine nyingi za aina hiyo ni unga wa kloraidi, yani ni chumvi, na chumvi inamwagika, inayeyuka kwenye maji, inapenya kwenye saruji na kwenye nyufa. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, kliniki ilihama ikaacha mashine ya tiba nyuma, watu wakaing'oa kwa ajili ya chuma chakavu, wakakuta ndani kuna unga unaotoa mwanga wa bluu usiku, wakaupeleka majumbani, wakagawiana, wengine wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja ni mtoto wa kike wa miaka 6, na 249 walikutwa na uchafu wa sesiamu mwilini au nje ya mwili. Ile ilikuwa ya hospitali. Ya maabara za utafiti ilikuja tarehe 2 Mei 2019 pale Seattle, kwenye jengo la utafiti la Harborview: mafundi walikuwa wanaiondoa mashine kama hiyo yenu, chanzo kikakatwa kwa bahati mbaya, sesiamu ikavuja, watu 13 wakachafuka na jengo la ghorofa saba likafungwa muda mrefu sana. Jaribu kufikiria umeacha seli zako kwenye inkubeta ya jengo hilo.

Tena kuna hofu kwamba mtu mbaya anaweza akaiiba atengeneze bomu chafu, yani bomu la kutawanya mionzi. Ndo maana ili uingie peke yako kwenye chumba cha sesiamu wanakuchukua alama za vidole na FBI wanakuchunguza, na sie wa kutoka nje hilo zoezi linachukua muda mpaka unasahau kama uliomba. Serikali yao kupitia NNSA, wakala wao wa usalama wa nyuklia, ina mpango wa kusaidia gharama, wanaibeba ya zamani bure na kuchangia bei ya mpya, na Bunge lao liliweka lengo kwamba mashine za sesiamu za kupigia mionzi damu ya kuongezewa wagonjwa ziwe zimeondoka zote ifikapo mwisho wa 2027. Za utafiti nazo zimeingia kwenye msafara huohuo. Ufaransa na Norway kwenye damu walishahama zamani. Kwa hiyo usipoteze muda kusaini barua ya kuomba ibaki, nimeona maabara moja ikifanya hivyo, walichelewesha wiki mbili tu.

Haya, tuje kwenye Gy 4 ni Gy 4.

Grei moja ni jouli moja ya nishati iliyoachwa kwenye kilo moja ya kitu. Kwa maana hiyo supavaiza wako yuko sawa, kizio ni kimoja. Lakini kuna mawili hayasemi. La kwanza, ile namba 4 kwenye skrini ni ya pale alipopimia fizisti, yani mtaalamu wa fizikia ya mionzi wa kitengo, sio lazima iwe ya pale ulipoweka plati yako. La pili, hata kama nishati iliyoachwa ni ileile kabisa, namna ilivyoachwa ndani ya seli inatofautiana. Gama ya sesiamu ina nguvu moja, keV 662 (keV ni kizio cha nishati ya mionzi). Eksirei ya mashine ya kilovolti 160 au 320 ni mchanganyiko, hiyo namba ya kilovolti ni kilele chake tu, wastani wake unaangukia kama theluthi mpaka nusu ya kilele kutegemea na filta. Elektroni zinazorushwa na eksirei laini ni fupi na zinaacha majeraha yaliyosongamana zaidi kwenye DNA, kwa hiyo seli inahangaika zaidi kuyaunga. Matokeo yake eksirei kwa kawaida ina makali zaidi kidogo kwa dozi ileile, wengi wanakuta asilimia 10 mpaka 30, inategemea seli, filta na unachopima.

Utasema asilimia 10 si kitu. Subiri tufanye hesabu. Chukua seli za mfano, alfa 0.3 na beta 0.03, zile namba mbili zinazoeleza seli zinavyokufa dozi ikipanda, namba za kawaida tu ambazo hata wewe umezizoea. Ukizipiga Gy 8 zinabaki hai kama 13 kati ya 1000. Zikipata 8.8, yani asilimia 10 zaidi, zinabaki 7. Umeona? Kosa la asilimia 10 kwenye dozi limekuwa karibu nusu kwenye koloni zako, yani yale makundi yanayoota kutoka kwenye seli moja moja iliyopona. Sasa kama dawa yako inapunguza koloni kwa nusu pale Gy 8, halafu kontroli zote, zile zisizo na dawa, ulipiga kwenye sesiamu na zenye dawa ukapiga kwenye eksirei, mhakiki wa jarida akikuuliza hiyo nusu imetoka kwenye dawa au kwenye mashine utamwambia nini?

Na hapo nimezungumzia aina ya mionzi tu. Kinachoharibu data nyingi, kwa macho yangu, ni mahali ulipoweka plati. Nikuambie la kwangu, nilipokuwa mwanafunzi kama wewe nilikuwa napanga flaski tatu tatu juu kwa juu kwenye lile kopo la kuwekea seli ndani ya mashine ya sesiamu, na kwa mazoea tu zenye dawa nilikuwa naziweka chini kila siku maana ndo nilikuwa nazitoa mwisho kwenye inkubeta. Miezi miwili naona dawa inalinda seli. Nilishaanza kuandika muhtasari wa mkutano, nimefurahi, nimewaambia watu. Kuja kuweka filamu ya kupimia dozi kati ya flaski, ile ya chini ilikuwa inapata pungufu kama asilimia 20 kuliko ya katikati. Dawa haikuwa inalinda chochote, chini ya kopo ndo kulikuwa kunalinda. Hakuna aliyenidanganya, mashine ilikuwa sawa, karatasi ya kalibresheni ilibandikwa palepale ukutani na inasema kabisa kipimo ni cha katikati ya kopo, sikuisoma.

Kwenye eksirei hili linakuja kwa sura nyingine. Mionzi inatoka juu kwenye nukta moja inashuka inatanuka, kwa hiyo umbali ni kila kitu. Rafu ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye tyubu inayotoa eksirei na wewe ukaishusha mpaka 33, umepoteza dozi kama asilimia 17 kwa sentimita tatu tu. Pembeni ya duara ni pungufu kuliko katikati, na upande mmoja wa tyubu huwa dhaifu kuliko mwingine, ndo maana kuna meza inayozunguka, usiizime kwa sababu inakupigia kelele. Plati zipange katikati, mstari mmoja, usizirundike. Na filta, nakuomba, filta. Kuna kipande cha shaba au alumini kinachochuja zile eksirei laini zisizo na kazi, mtu wa maabara nyingine akikitoa kwa shughuli zake na wewe usiangalie, kasi ya dozi inaruka mara kadhaa na seli zako zinaungua kabla hujamaliza kujaza daftari. Mashine nyingi mpya zinatambua filta ipi imewekwa, za zamani kidogo hazitambui. Angalia kwa macho yako kila mara, usimwamini aliyetangulia.

Kimo cha midia, yale maji ya kulishia seli, nacho kina maana kwenye eksirei kuliko kwenye sesiamu. Mililita mbili kwenye kisima kimoja na tano kwenye kingine unakuwa umebadilisha kinachozikinga seli kwa juu. Slaidi za kioo na plati zenye sakafu ya kioo zinarusha elektroni za ziada kwenye seli zilizokaa juu yake kwa sababu kioo kina silikoni, na eksirei laini inapenda sana kunaswa na elementi nzito, uwezekano wake unapanda karibu na namba ya atomu ikizidishwa yenyewe mara tatu. Hilo hilo ndo linasumbua wenye panya: mfupa una kalisi, kwenye keV 30 mpaka 50 unanyonya nishati mara kadhaa ya msuli, kwa sesiamu tofauti hiyo karibu haipo. Kwa hiyo anayechoma uboho wa panya ili apandikize mwingine akihamia eksirei na dozi zake za zamani anaweza akashangaa panya wanakufa, ni lazima atafute dozi upya. Wewe hujasema una panya, ila ukifika huko kumbuka pia aina ya panya: C57BL/6 wanapigwa kama Gy 9 mpaka 11, mara nyingi zinagawanywa mara mbili kwa masaa kadhaa katikati, lakini wale wa NSG hawana uwezo wa kuunga DNA vizuri, dozi hiyo hawaivumilii hata kidogo, wao ni kwenye 2 na kitu.

Kasi ya dozi sitaizungumzia sana. Sesiamu inapungua nguvu kama asilimia 2.3 kila mwaka, nusu yake inaisha kwa miaka 30, kwa hiyo kilichokuwa kinachukua dakika 5 miaka kumi iliyopita leo kinachukua dakika 6 na sekunde 18. Kama yenu ni kizee utakuta Gy 8 ni robo saa wakati eksirei inamaliza kwa dakika tatu nne. Seli zinaanza kuyaunga majeraha yake humohumo wakati unapiga, lakini kwa robo saa ni kidogo. Iandike tu.

Sasa fanya hivi. Wiki hii nenda ukayeyushe seli, uzikuze, halafu ugandishe vichupa vya kutosha vya kizazi kimoja, hata ishirini, ili seli utakazopiga leo na utakazopiga mashine mpya ikifika ziwe ni zilezile. Alafu buku sesiamu siku tatu tofauti, piga 0, 2, 4, 6 na 8, bila dawa na ukiwa na dawa, mkao uleule uliotumia siku zote hata kama baada ya kunisoma umegundua ulikuwa mbaya. Hasa kama ulikuwa mbaya. Tunataka kujua data yako ya zamani ilipata nini kweli, sio ingepata nini ungekuwa mwangalifu. Kwenye kila mzigo weka vipande vya filamu ya dozi pale pale seli zinapokaa, chini ya kimo kilekile cha maji, na umwombe fizisti wa kitengo azisome, kama ana vile vidonge vidogo vya TLD vya kupimia dozi navyo aweke. Mashine mpya ikishapimwa na kukabidhiwa, siku tatu tena, kila kitu kilekile.

Kwenye kupanda usisahau kuongeza idadi kadri dozi inavyopanda. Kwa zile seli za mfano, kama nusu tu ya unazopanda ndo huwa zinaota, ili upate koloni 50 kwenye Gy 8 unahitaji kupanda kama 7500. Wanafunzi wengi wanapanda 1000 wanapata koloni saba halafu wanachora mstari. Subiri siku 10 mpaka 14, hesabu zenye seli 50 na kuendelea. Na ile plati ya sifuri usiiache kwenye inkubeta imestarehe, ibebe, ipande nayo lifti, ikae nje muda uleule wenzake wanapopigwa, baridi na kutikiswa navyo vinaua.

Ukitaka jibu la haraka kabla koloni hazijaota, piga Gy 1 au 2 kwenye mashine zote mbili, zihifadhi kwa formalini baada ya nusu saa na uhesabu vidoa vya gama-H2AX, zile alama za mahali DNA ilipokatika, kila Gy moja inakata DNA pande zote mbili mara kama 40 kwa seli kwa hiyo ukizidisha dozi vidoa vinagandana huwezi kuvihesabu. Ni kipimo cha kuonja tu, kisije kikachukua nafasi ya koloni.

Baada ya hapo utakuwa na mistari miwili. Tafuta ni dozi gani ya eksirei inayoua sawa na Gy 4 ya sesiamu kwa seli zako na mkao wako. Huo uwiano ni wako, usiuazime kwenye makala ya mtu mwingine hata kama seli zina jina moja. Data za zamani zinabaki kwenye thesisi kama za sesiamu, mpya kama za eksirei, usizichanganye kwenye mstari mmoja kamwe. Kinachoweza kulinganishwa moja kwa moja ni ile nguvu ya dawa, yani ndani ya mashine moja dawa imeongeza kifo mara ngapi, kontroli yake ikiwa ya mashine hiyohiyo. Kama dawa inaongeza kwa kiasi kinachokaribiana kwenye zote mbili basi mdogo wangu huna hasara, una faida, umethibitisha kwa mionzi ya aina mbili. Na kama zinatofautiana sana, rudi kwenye filamu kabla hujaitafutia baiolojia maelezo.

Mtu ambaye hujamtaja kabisa kwenye swali lako ni huyo fizisti au fundi wa kitengo. Umemtaja supavaiza, umemtaja mwenzako, mama pia yumo, lakini aliyeishika mashine hayumo. Kosa hilo ni la wengi, tunaona kitengo cha pamoja kama mashine ya kutoa kopi, unabuku unalipia kwa saa unaondoka. Pale Toronto mwanzoni mwa miaka ya 60 James Till alikuwa mtu wa fizikia ya mionzi, Ernest McCulloch ni daktari, walikaa pamoja wakitaka kupima tu uboho wa panya unavumilia mionzi kiasi gani, McCulloch akaona vinundu kwenye wengu za panya waliopigwa mionzi na kupandikizwa, na kwa sababu dozi zilikuwa za kuaminika waliweza kuhesabu kwamba vinundu vinaendana na idadi ya seli walizopandikiza. Makala yao ya 1961 ndo msingi wa habari yote ya seli shina za damu. Dozi zingekuwa zinayumba asilimia 20 huku na huku, wangeona vinundu tu.

Kwa hiyo mwandikie huyo mtu leo. Muulize kipimo kilifanyika lini, kwa chemba ya ioni (kifaa cha kupimia mionzi) au kwa kifaa gani, umbali gani, filta gani, kilovolti na miliampia ngapi, na kama ilipimwa hewani au kwenye maji. Hayo yote utayaandika kwenye sehemu ya mbinu, sio "seli zilipigwa Gy 4" halafu nukta. Na muulize tarehe halisi ya kufungwa. Miezi minne ya kwenye tangazo ni siku ya kubebwa, kwa kawaida kufungwa kunatangulia maana lazima waje wapime, wakague, waandae njia na ulinzi, na wiki za mwisho kila mtu anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na jaribio, foleni ya kubuku inakuwa kama ya mafuta yakitangazwa kupanda.

Kuhusu hela, wiki tatu hizi hazitawafilisi. Kama chuo chenu kina kituo cha saratani kinachotambuliwa na NCI, taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, kitengo huenda kinabebwa na ruzuku yao ya P30, ndo maana bei ya ndani ni ndogo kuliko ya kampuni za nje, na vitengo vya namna hii haviruhusiwi kutengeneza faida kwenye fedha za serikali, vinarudisha gharama tu. Mweleze meneja kwamba ni kazi ya kulinganisha mashine, mara nyingi wanapunguza au wanasamehe kabisa kwa sababu na wao wanaihitaji hiyo data kuwaonyesha wengine. Wanachotaka ni uwataje kwenye makala na namba ya ruzuku, na wataje kweli, ruzuku ikija kuhuishwa wanahesabu makala.

Nyumbani sasa. Usitegemee kukuta kitengo kama hicho, mashine iliyowekwa kwa ajili ya seli na panya tu, lakini mionzi kwetu sio kitu kigeni. Mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa mionzi: madume walifugwa Tanga, wakapigwa gama wakawa tasa, wakamwagwa na ndege juu ya kisiwa kuanzia 1994, zaidi ya milioni 8, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Na pale Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu chanjo ya malaria ambayo vimelea vyake vinadhoofishwa kwa mionzi, vinapigwa huko Marekani vikiwa bado ndani ya mbu, wazo lilianza na panya wa Ruth Nussenzweig kule New York mwaka 1967.

Kwa seli zako mlango ni hospitali. Ocean Road pale Dar, Bugando Mwanza, ukivuka Nairobi zipo kadhaa, na Kampala iko taasisi ya Mulago. Mashine zao za tiba zinapiga seli vizuri sana, tena dozi yake imepimwa kwa uangalifu kuliko ya maabara nyingi za huko uliko, kwa sababu kuna mgonjwa, na IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki) na WHO tangu 1969 wana mpango wa kutuma vipima dozi kwa posta mpaka hospitalini, zinapigwa, zinarudishwa kusomwa. Ila mgonjwa ni wa kwanza siku zote. Mwaka 2016 Uganda ile mashine yao pekee ya kobalti ya kutibu kansa kwa mionzi iliharibika na wagonjwa wakabaki hawana pa kwenda, ukikumbuka hilo hutathubutu kuomba muda wa asubuhi. Omba jioni, au Jumamosi baada ya ukaguzi wa wiki, nenda na fizisti mkononi na barua ya maadili, na utaratibu wa vibali vya mionzi kwa Tanzania uko kwa TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki) Arusha, Kenya ni KNRA, mamlaka yao ya nyuklia. Mionzi ya mashine hizo ina nguvu sana, ile ya megavolti 6 inafikia kilele chake sentimita moja na nusu ndani, kwa hiyo plati haiwekwi tupu mezani, inawekewa mabamba ya plastiki juu na chini. Hawana mabamba, beba mifuko ya mchele. Sitanii, mchele uliojazwa vizuri unafanana na mwili kwa mionzi na hospitali zimekuwa zikiutumia miaka mingi kuziba mapengo kuzunguka mgonjwa. Kilo mbili zitakutosha, usiupike baadaye mbele ya mama yako tu, hautakuwa na kitu lakini kumweleza utachoka.

Ukipata majibu ya fizisti, nitumie kilovolti, filta na umbali wa hiyo mashine mpya pamoja na picha ya unavyopanga plati, nitakwambia kimo gani cha midia utumie kabla hujapoteza siku ya kwanza.